Njia ya Kutoka Kisimani

Katika wiki yangu ya kwanza kijijini, nilitoka shuleni alasiri nikamkuta msichana amelala kitandani kwangu. Alikuwa amejifunika kanga yangu mpaka mabegani, amegeukia ukutani, anavuta pumzi taratibu kama mtu aliyelala kwao. Sufuria niliyoacha na kiporo cha ugali ilikuwa tupu, imefunikwa vizuri, imerudishwa mahali pake.

Kabla sijajua la kufanya, nikasikia hodi ya haraka, na mwanamke mwembamba akaingia bila kusubiri jibu. Alikuwa anahema.

“Mwalimu, nisamehe,” akasema. “Huyu ni wangu. Hakuja kuiba. Amedhani yuko nyumbani.”

“Nyumbani kwenu ni wapi, mama?”

Akanyoosha mkono. Ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, katika mstari uleule.

Nilitoka naye nje nikatazama, na kwa mara ya kwanza nikakiona kile kijiji kama alivyokiona binti yake. Nyumba zilipangwa kwa kamba, moja baada ya nyingine, zote za miti na udongo, zote za makuti, milango yote imetazama upande mmoja. Hata mimi niliyetoka chuo cha ualimu nilikuwa nimezoea kuhesabu milango ili nisiingie kwa watu. Yule msichana hakuweza kuhesabu.

Nilikuwa mgeni kabisa wa pande zile. Kwetu ni Upare, milimani, na serikali ilikuwa imenipangia shule ya kijiji kimoja mbele ya Madimba, upande unaoteremkia mlango wa Ruvuma. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila ukoo katikati ya mikorosho yake, walikuwa wamehamishwa na kukusanywa pamoja, na kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake. Mwalimu naye akapewa nyumba mstarini kama mtu mwingine yeyote. Kiswahili chao kilikuwa na lafudhi ya Kimakonde ambayo mwanzoni ilinipita, na changu cha Kipare kiliwachekesha. Tukazoeana hivyo hivyo, kwa kuchekana.

Wakati ule hatukuwa na maneno ya adabu ya kuwaita watoto kama yule. Watu walisema punguani, na mengine mabaya zaidi ambayo sitayaandika. Mama yake alikuwa na neno lake mwenyewe. Alisema, “Wangu anachelewa.” Alichelewa kuketi, akachelewa kutembea, akachelewa kusema, na sasa alikuwa msichana wa miaka kama kumi na miwili ambaye sentensi yake ndefu kabisa ilikuwa ya maneno matatu au manne. Lakini kule walikotoka, karibu na mto, hakuwa tabu kwa mtu. Aliteka maji. Aliokota korosho, akatenganisha korosho na bibo, tunda lake, kwa mkono mwepesi kuliko wadogo zake. Aliwafungia kuku jioni. Kisha ikaja amri ya kuhama, baba yake akaezua makuti ya paa na kuyabeba kichwani, na yote aliyoyajua yule mtoto yakabaki nyuma.

Pale kijijini alipotea kila siku. Akitoka kwenda chooni, alirudi nyumba nyingine. Akienda kisimani na mama yake, akitangulia hatua chache tu, aliingia mlango wa kwanza uliokuwa wazi na kuketi. Wengi walimrudisha bila maneno. Wengine walifoka. Palikuwa na waliosema ana shetani, na wazazi wake walikuwa wameshamzungusha kwa waganga mpaka wakachoka. Palikuwa na waliomshauri mama amfunge, na siku moja alimfunga kweli, kwa kanga, kiunoni, kwenye nguzo ya baraza, ili aende shambani apalilie muhogo. Aliniambia baadaye kwamba hakufika shambani. Alifika kwenye mkorosho wa kwanza nje ya kijiji, akageuka, akarudi mbio kumfungua.

Tangu hapo hakuachana naye. Alitwanga makopa ya muhogo huku binti ameshika ncha ya kanga yake. Alifua hivyo, alipika hivyo, alikwenda msibani hivyo. Baba yake alilima peke yake mashamba ya watu wawili, na jioni alipita mbele ya nyumba yangu jembe begani, ananisalimia kwa sauti ya mtu ambaye hana nguvu ya salamu ya pili.

Kisha, mwishoni mwa mvua, msichana akapotea kweli.

Mama yake alikuwa ameinama kutoa makopa kwenye kinu. Alipoinuka, ncha ya kanga ilikuwa haina mtu. Akaanza na nyumba za mstari wetu, kisha mistari mingine, kisha kisimani. Saa nne tulifunga shule, na watoto wakubwa wakatoka na wazee wao kutafuta. Hofu ilikuwa mto. Ruvuma pale inapokaribia baharini ina mikoko iliyoshonana, maji yanapanda na kushuka, na mamba wanapumzika kwenye matope. Isitoshe, ng'ambo, Msumbiji, kulikuwa na vita bado, na askari wetu walikuwa wamekataza watu kuzagaa ukingoni. Mama yule alizunguka akiita kwa sauti ambayo sijaisahau. Haikuwa kilio. Alimwita kama anayemwita mtu aje kula, ili asije akaogopa.

Baba ndiye aliyempata, baada ya adhuhuri. Alirudi naye amembeba mgongoni, msichana mkubwa vile, miguu inaning'inia. Alimweka chini mbele ya mkewe, akasema akiwa bado anatweta:

“Nimemkuta kwetu. Kule kwetu. Ameketi palipokuwa na mlango.”

Mama akamrudishia binti ncha ya kanga mkononi.

“Pameota majani mpaka kifuani,” baba akaendelea. “Ameyakanyaga akapata pa kukaa. Ananiona, ananiambia, ‘Baba, mama hafungui.’”

Watu waliokuwa wamesimama pale wakatazama chini. Ni mwendo mrefu kutoka kijijini hadi kule, njia imefungwa na nyasi, na mtoto aliyeshindwa kuvuka nyumba tatu alikuwa ameukata wote bila kukosea.

Kesho yake balozi aliwaita watu wa nyumba zake kumi barazani kwake. Nilikwenda na mimi, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Baba wa msichana alisimama kwanza.

“Balozi, naomba ruhusa nirudi kwangu,” alisema. “Hapa mwanangu hana nyumba.”

“Ruhusa hiyo sina,” balozi akajibu, bila ukali. “Na aliye juu yangu pia hana. Unajua.”

“Najua. Nimeomba tu.”

Ndipo mke wa balozi, mwanamke mfupi wa makamo ambaye hakuwa na desturi ya kupaza sauti, akamgeukia mama aliyeketi pembeni na binti yake.

“Na wewe mwenzetu, mbona husemi?”

Mama alikuwa anazungusha ncha ya kanga kidoleni.

“Nimechoka kuomba radhi,” akasema hatimaye. “Kila siku naingia nyumba ya mtu, nasema nisamehe. Tangu tuhamie hapa sijaketi na mtu nikazungumza naye jambo lingine. Sijui hata watoto wenu wanaitwaje. Nawajua kwa nisamehe tu.”

Mke wa balozi aliinuka, akahamisha mkeka wake, akaketi bega kwa bega na yule mama.

“Basi leo usiombe radhi,” akamwambia. “Tuambie kitu kimoja. Kule mlikotoka, alikuwa anaijuaje nyumba yenu?”

Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Waliomwuliza walitaka kujua mimba ilikuwaje, alikula nini, nani alimwonea kijicho. Hili lilikuwa swali la namna nyingine, naye alilijibu polepole, kama anayetembea tena katika ua wake wa zamani. Palikuwa na mpapai uliolalia ukuta, akasema. Msichana alikuwa akiupiga kofi kila anapopita. Palikuwa na kona ambayo mbuzi walijikunia mpaka udongo ukawa laini, na hapo alipitisha mgongo wa mkono. Kisha jiwe la kusagia, halafu mlango.

“Anataka kitu cha kuona na kushika,” alisema. “Akishakishika, hakimtoki tena. Lakini hapa ukuta ni ukuta, na mwingine ni ukuta.”

Jirani mmoja, mvuvi, akakohoa. “Mimi nina dema la kunasia samaki, limetoboka,” akasema. “Naweza kulitundika kwenye kona yangu.”

Hakuna aliyecheka. Mwingine akasema mkewe ana makombe ya pwani, wanaweza kuyabandika kwenye udongo ukiwa mbichi. Mwingine akasema kwake kuna kibuyu. Nikasema mimi najua kutengeneza rangi ya ubao kwa mkaa na majani, kama tulivyokuwa tukifanya shuleni, naweza kuchora duara kubwa jeusi. Mpaka tunaagana, kila nyumba ilikuwa imeahidi kitu.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na sauti ya watu wanaokanda udongo. Mke wa balozi alikuwa amekwisha kuleta udongo mwekundu, anasiliba kona yake kwa viganja, matope yamemfika viwikoni. Makombe yalipangwa yakafuata mkunjo wa ukuta. Dema likatundikwa. Nyumba moja walipanda kichaka cha maua mekundu wakakizungushia miiba kuzuia mbuzi. Nyumba ya msichana mwenyewe ilibaki mwisho, na mama yake alifanya jambo ambalo wengine hawakulitazamia. Alikoroga udongo mweupe kwenye chungu, akamwachia binti. Msichana alitumbukiza mikono yote miwili, akaanza kuigandamiza ukutani kuzunguka mlango, juu alikofika na chini alikofika, akicheka kila alipouondoa mkono na kuuona umebaki.

Sasa ikaanza kazi yenyewe, na hiyo haikwisha asubuhi moja.

Kila siku, wakitoka kisimani, mama alimpitisha mstari mzima. Walisimama kila kona. Msichana alishika, mama alitaja. Majirani walikubaliana kwamba mtu asimvute mkono wala asimkemee. Akisimama mbele ya nyumba yako, mtajie nyumba yako, basi. Kwa hiyo wiki nenda wiki rudi, mstari wetu ulikuwa na sauti yake ya asubuhi, wanawake wakiwa wanafagia au wanapepeta, wakisema bila hata kuinua macho: hapa kwa dema, hapa kwa makombe, hapa kwa mwalimu, duara jeusi. Watoto wadogo waliokuwa wakijifunza kusema walianza na maneno hayo.

Alisahau. Alikumbuka kesho, akasahau keshokutwa. Siku moja alifika mpaka kwa makombe vizuri, siku ya pili aliketi kwa mvuvi na kukataa kuinuka. Mimi niliyefundishwa namna ya kufundisha nilidhani naujua uvumilivu. Nilikuwa nao wa darasani, unaokwisha kengele ikilia. Yule mama alianza upya kila siku kwa sauti ileile ya jana, haina haraka, haina uchungu, na nilimtazama kutoka mlangoni kwangu kama unavyoitazama bahari mara ya kwanza, usijue mwisho wake uko wapi. Siku moja nilimwuliza kama hachoki.

“Nachoka,” alinijibu. “Ila zamani nilichoka peke yangu.”

Ni kweli kwamba kitu kilikuwa kimebadilika kwake. Alikuwa sasa anajua majina ya watoto wa kila mtu. Wanawake walimpitia kwenda shambani, na mmoja wao alibaki na msichana kwa zamu. Nilimsikia akicheka, kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake, nikatoka nje kutazama ni nani.

Katikati ya hayo akaja bwana mmoja wa wilaya kukagua kijiji. Alitembea mistari yote akiridhika, alipofika kwetu akasimama.

“Ndugu balozi, hii ni nini?” akauliza. “Madema ukutani, matope mekundu. Nyumba za kijiji ziwe safi na zifanane. Pakeni chokaa.”

“Tutapaka, ndugu,” balozi akasema kwa heshima. “Chokaa ikifika.”

“Itafika.”

“Ikifika tu, ndugu.”

Ilikuwa miaka ambayo hata sabuni na kiberiti vilikuwa vya kuvizia duka la ushirika. Chokaa haikufika, na balozi hakuikumbusha.

Siku ya kumwachia aje peke yake ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa nyumbani. Mama alikuja asubuhi akaniambia leo atabaki. Msichana atakwenda kisimani na wanawake wengine, wao watamtwika ndoo ndogo, kisha watamwacha mwanzoni mwa mstari aje peke yake.

“Na wewe utakuwa wapi?” nikamwuliza.

“Ndani. Nikiwa nje nitamwita.”

Akaingia kwake, akarudishia mlango. Mumewe hakwenda shamba. Alikaa nyuma ya nyumba akijifanya ananoa panga ambalo lilikuwa kali tayari.

Tulimwona akija. Kwanza ndoo, kisha yeye, mkono mmoja umeishika, mwingine huru. Habari zilikuwa zimetangulia, na mstari wote ulikuwa umetulia. Waliokuwa wanatwanga waliacha mchi hewani, wakauteremsha polepole kinuni bila kishindo. Aligusa udongo mwekundu. Akasogea. Aligusa kibuyu, kikayumba, akakingoja kitulie. Mbele yangu alisimama kwa muda, kidole chake kikizunguka duara jeusi, midomo inacheza. Nilitamani kumtajia. Nikashikilia fremu ya mlango, nikanyamaza.

Alipofika kwa mvuvi alikosea. Aliingia, tukamwona anapotelea ndani, na mke wa balozi akaweka kiganja mdomoni. Tulingoja. Ndani ya ile nyumba palikuwa na mvuvi na mkewe na watoto wao, na hakuna hata mmoja wao aliyetoa sauti. Kisha akatoka kinyumenyume, maji yakimwagika begani, akarudi mpaka kwenye dema, akalishika tena, akalitikisa kama anayeligombeza. Na akaendelea.

Kwenye mlango wao aliinua mkono wake akauweka juu ya mmoja wa ile mikono myeupe. Ukalingana. Akausukuma mlango akaingia, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimya, sote tulisikia maji yakimiminwa mtungini, mpaka tone la mwisho.

“Mama,” tukamsikia akisema. “Maji.”

Baba alikuja kutoka nyuma ya nyumba, panga limemning'inia mkononi, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Vigelegele vilianzia kwa mke wa balozi. Vikapita nyumba kwa nyumba mpaka mistari mingine ambako watu walitoka wakidhani ni harusi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mlangoni kwangu bila kujua nilipiga saa ngapi. Kwetu tunapiga magoti kanisani. Siku hiyo sikwenda kanisani, palipokuwa mbali, mjini Mtwara, lakini sijawahi kusali zaidi ya pale.

Hakupona. Naandika hivyo kwa sababu wapo walioeneza habari kwamba amepona. Alibaki anachelewa, na njia ya kisimani ilikuwa njia moja tu, nyingine zilihitaji kazi mpya. Lakini mwaka uliofuata, wasichana wa rika lake walipoingizwa unyagoni, wanawake walimchukua naye. Mimi mgeni sikuruhusiwa kujua ya ndani. Niliona siku ya kutoka tu, wanawali wamejipanga wamepakwa mafuta, naye katikati yao amevaa kanga mpya, macho chini kama wenzake, na mwenzake wa kulia akimgusa kidogo kiwiko kila ilipofika zamu ya kupiga hatua.

Kabla sijahamishwa kurudi kaskazini, niliona jambo jingine moja.

Walikuja mume na mke kutoka upande wa Nanyamba, hakuna aliyewajua. Walikuwa wameulizia njiani nyumba ya mwanamke ambaye mtoto wake anachelewa. Walikuwa na mvulana mdogo aliyejirusharusha mikononi mwa mama yake, akilia kilio kisichobadilika, akijipiga kichwa kwa ngumi. Nilikuwa nimeketi na rafiki yangu yule, mama wa msichana, tukichambua mbaazi. Mgeni alianza kusema kabla hajakaa, maneno yakigongana. Hakuwa amesikia popote kwamba kuna mwingine mwenye mtoto wa namna hiyo. Mchana mtoto halali, usiku halali. Mwenzake alitumia dawa gani? Alimpeleka kwa nani? Alianzaje?

Rafiki yangu aliweka ungo chini.

“Nitakuambia yote,” alisema. “Nipe mtoto kwanza.”

“Atakuuma.”

“Wangu naye aliniuma alipokuwa mdogo. Nipe.”

Akamchukua. Mvulana alimng'ata kweli, kwenye mkono, naye akamtikisa taratibu kana kwamba si mkono wake, akamwita binti yake aje kukunjua mkeka upande wa kivuli na kuutandika.

“Lala,” akamwambia yule mama.

“Nimekuja kuuliza, dada, sikuja kulala.”

“Utauliza ukiamka. Hapa hakuna anayekufukuza. Lala, ninaye.”

Mwanamke alimtazama mumewe. Mumewe aligeuza uso, akajifuta macho kwa mgongo wa kiganja. Basi akajilaza, na kanga yake hakuwahi hata kuivuta vizuri, usingizi ulimchukua mdomo wazi, vidole vimekunjika vile vile vilivyokuwa vimemshika mtoto. Alilala mpaka adhana ya alasiri ikapita. Mvulana alilia, akapunguza, akalia tena. Rafiki yangu alitembea naye barazani, kwenda na kurudi, na kila alipopita karibu na mkeka aliinama akafukuza nzi usoni mwa yule mgeni.